Konokono wa Limau

Mama Bujiku, jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa, anasema maziwa yalikatika kwenye kikombe cha Mzee Mwandu kabla mzee mwenyewe hajakigusa. Anasema aliona kwa macho yake. Maziwa yalijikunja, yakapanda juu vipande vipande, yakatulia yakimwangalia mzee kama macho ya mtu, naye mzee akaruka kitini, akatema mate chini, akaita pikipiki huku kijiko kikiwa bado mkononi. Akifika hapo huwa anashusha sauti.

"Kwenye ile mikate ya Ng'washi kulikuwa na kitu," anasema. "Mwenzake anaolewa, yeye hajaulizwa na mtu, halafu yeye ndiye anapika chakula cha wakwe? Jamani!"

Ng'washi ni mimi, na mikate ni yangu. Na minyaa yetu ni mirefu kuliko Mama Bujiku, hata akisimama juu ya ndoo. Mimi nilikuwa ndani, mlangoni, nimeshika sinia.

Naishi hapa Bariadi kwa mama yangu mkubwa, Ernestina, ambaye nyumbani wote tunamwita mayu. Nilitoka Migato nilipomaliza la saba. Mume wake, Masalu, ambaye tunamwita Baba Masalu, anafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Binti yao Flora tumelala chumba kimoja miaka yote hii, na nguo zetu ziko sanduku moja. Flora alimaliza kidato cha nne, anafanya kazi kwenye duka la kudurufu karatasi. Mimi asubuhi nauza vitafunwa karibu na stendi.

Wenzangu wanauza maandazi na chapati, mimi nauza konokono. Jina walilitoa wateja kwa sababu ya umbo, likabaki hivyo hivyo. Unga sikandi. Asubuhi napita bekari ya Cyprian wakati wanagawa donge la mikate, ananikatia langu, naliweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Donge limeshaumuka, kazi ya kukanda wameshaifanya watu wengine wenye mikono minene. Mimi nalisukuma mezani, napaka siagi ya kopo, namwaga sukari niliyoifikicha na maganda ya chungwa. Maganda nayakwaruza ile rangi ya juu tu; ukifika kwenye nyeupe, umeharibu, inakuwa chungu. Halafu nalikunja kama mtu anavyokunja mkeka, nakata kwa uzi. Kisu kinabana donge, uzi unapita tu. Naoka kwenye sufuria kubwa lenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Wakitoka, bado wa moto, nawapaka maji ya limau niliyoyakoroga na sukari laini. Mtu aliyeinjika maharage pamoja na mimi, yake hayajaanza hata kuchemka na mimi nimeshafunga mzigo naondoka.

Alinifundisha Dada Anyes, nesi kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha uani kwetu kabla hajahamishwa. Yeye alikuwa akila na chai ya rangi, isiyo na maziwa. Nalisema hili sasa hivi kwa sababu mbele litahitajika.

Mchumba wa Flora anaitwa Mashimba, anafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba. Baba yake alishafariki. Kwa hiyo mwenye neno ni baba yake mdogo, Mzee Mwandu wa Lalago, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mzee Mwandu asipotaja ng'ombe wa mahari, Flora haolewi na Mashimba. Hilo kila mtu kwetu alilijua, hata Mama Bujiku.

Walipotuma habari kwamba watafika Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado dogo, mayu aliniita jikoni.

"Wale konokono wako watatufaa," alisema. "Maandazi kila mtu anapika. Nataka wakifika getini wasikie harufu."

"Sawa, mayu."

"Limau usilionee huruma."

Sikulionea. Nilipaka mara moja, wakakauka, nikapaka tena. Waling'aa.

Wageni walikuwa watatu. Mzee Mwandu alikaa kiti cha katikati, fimbo yake kaiegemeza ukutani. Chai ilikuwa ya maziwa matupu bila tone la maji, maana mkwe hapewi chai ya rangi. Maziwa alikamua Baba Masalu mwenyewe asubuhi ile, hata mimi sikuruhusiwa kushika ndoo. Nilipoingia na sinia, mayu alisimama.

"Karibuni, wakwe zetu. Hivi kapika Flora mwenyewe. Kaamka na jogoo."

Flora aliangalia sakafu. Wageni wakaona ni adabu. Mimi nilisimama na sinia langu. Watu hawamwangalii mtu aliyeshika sinia, wanaangalia kilicho juu yake.

Mzee Mwandu alichukua konokono mmoja, akamgeuza huku na huku, akamla mkavu.

"Huyu mnyama ana pembe ngapi?" aliuliza.

"Hana, baba," mayu akajibu. "Anamezwa mzima."

Wakacheka. Mzee akachukua wa pili, akamweka kiganjani karibu na wale wengine sahanini. "Wote wamelingana kama ndama pacha," alisema. "Mkono huu hautetemeki. Mashimba kajua kutafuta."

Nakumbuka nilifurahi. Sifa ilikwenda kwa Flora, lakini masikio ni yangu, niliisikia.

Halafu akamchovya. Alimwacha ndani ya chai kama wazee wanavyofanya, alainike, kisha akamtoa, akala. Wenzake nao wakachovya. Alipoinua kikombe anywe, alisita kabla hakijafika mdomoni. Akachungulia. Maziwa yalikuwa yamegawanyika, maji upande wake na mabonge upande wake. Hakuruka, hakutema kitu. Alikishusha kikombe polepole, akakiweka sakafuni, si kwenye meza. Wenzake waliangalia vyao, nao wakaviweka sakafuni.

"Tumeshiba," alisema.

"Baba, bado hatujazungumza," Baba Masalu alisema.

"Tumezungumza."

Akachukua fimbo yake. Kijiko alikiacha.

Jioni Mashimba alimpigia Flora simu. Flora aliweka sauti ya nje ili nisikie na mimi.

"Baba mdogo amekasirika sana," Mashimba alisema. "Anasema mtu hawezi kutoka Lalago kote kule, aje apewe maziwa ya jana."

"Ya jana? Baba kakamua asubuhi ile ile!"

"Flora, yalikatika. Mimi sikuwepo, lakini watu watatu waliona. Anasema mtu akikuwekea maziwa yaliyolala, na ng'ombe wake unawasikia wanalia nyuma ya nyumba, huyo amekuambia rudi kwenu, ila kwa adabu."

"Kwa hiyo?"

"Wiki ijayo anakuja mnadani hapo Bariadi. Akitoka hapo anakwenda Lingeka. Rafiki yake ana binti."

Flora alikata simu, akakaa kitandani na viatu.

Baba Masalu hakumgombeza mtu. Alikwenda zizini, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawa anamwangalia ng'ombe wake mwekundu kana kwamba ndiye aliyemwangusha. "Mimi nimpe mtu maziwa ya jana," alikuwa akisema peke yake. "Mimi."

Mayu ndiye aliyekuja jikoni.

"Ulitia nini, Ng'washi?"

"Ninachotia kila siku, mayu."

"Kila siku maziwa hayakatiki."

"Ndiyo, mayu."

Kesho yake niliona amehamisha chumvi na sukari kutoka jikoni, ameziweka chumbani kwake. Na Mama Bujiku alishaanza mambo yake pale bombani. Nikifika na ndoo, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua.

Sikubishana na mtu. Niliendelea kuuza, na nikawa naangalia. Niliangalia donge la Cyprian, nikanusa siagi, nikaonja limau. Kila kitu kilikuwa kama siku zote. Wateja walikula, wakanywa chai ya rangi, wakaondoka wazima.

Siku ya Jumatano alikuja Januarius, fundi pikipiki, ambaye siku zote hunywa chai ya rangi. Siku hiyo alisema tumbo linamsumbua, anataka maziwa. Akaenda kibanda cha pili, kwa Mama Limbu, akaleta kikombe chake cha chai ya maziwa, akanunua konokono kwangu, akachovya.

"Wewe Mama Limbu!" alipiga kelele. "Maziwa yako yalilala wapi jana?"

"Yalale wapi, mwana wewe? Nimeyachemsha sasa hivi, povu liko kwenye sufuria!"

"Njoo uone. Unanipa mtindi wa moto?"

"Labda ni hayo mafuta ya pikipiki kwenye vidole vyako!"

Watu walicheka. Mama Limbu alikuja na mwiko, wamekasirika wote wawili, wanaoneshana kikombe. Mimi niliomba kikombe kingine cha maziwa yale yale kutoka sufuria lile lile. Nilikiweka kikapoa kidogo, nikanywa nusu. Yalikuwa maziwa mazuri. Halafu nikamchovya konokono ndani ya ile nusu iliyobaki, nikahesabu wateja wanaopita ili nisiwe na haraka. Yakakatika.

Nikamlamba yule konokono mgongoni. Limau.

Nyumbani nilijifungia na Flora jikoni, nikarudia mbele yake na maziwa ya baba. Aliangalia kikombe, akaangalia konokono, akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akalia.

"Basi tumepona," alisema. "Nenda mnadani ukamwambie."

"Kwa nini si baba?"

"Unamjua baba. Mwenye binti hafuati wakwe barabarani, watasema anamtembeza. Na mimi ndiyo kabisa, siwezi kusimama mbele ya baba mkwe nikamwelekeza. Hata kumwangalia usoni siruhusiwi. Wewe hakuna anayekukumbuka."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo sikuchukia.

"Lakini Ng'washi, dada yangu. Usiseme ni wewe uliyepika. Mayu alishawaambia ni mimi. Ukisema ni wewe, tutakuwa tumeondoa maziwa ya jana, tumeweka uongo wa juzi."

"Nitasema nini akiniuliza?"

"Sema nimekutuma mimi."

Nilifikiria. "Basi konokono nitakaompelekea uwapike wewe," nilimwambia. "Nikisema kapika Flora, iwe ni hivyo."

Alikubali. Asubuhi ya mnada nilileta donge kutoka kwa Cyprian, nikakaa kwenye kigoda, nikaweka mikono chini ya kanga ili isinisaliti. Flora alisukuma donge huku kashika simu kwa mkono wa pili. Maganda aliyakwaruza mpaka nyeupe, nikamwambia, akaacha. Alipofika kwenye kukata nilimpa uzi.

"Uzi wa nini? Lete kisu, tunachelewa."

Nikampa kisu. Konokono ni wake, sio wangu.

Walipotoka, mmoja alikuwa mnene, mwenzake mwembamba, mwingine alikuwa amefunguka kama kandambili.

"Huyu kakanyagwa na lori," Flora alisema, tukacheka wote. Lakini tulipoonja walikuwa watamu. Donge la kununua lina wema huo, linamvumilia mtu. Nikawapanga kwenye hotpoti, wazuri juu.

Mnadani kulikuwa na vumbi na kelele za ng'ombe wanaotenganishwa na wenzao. Nilimkuta Mzee Mwandu kakaa kwenye kreti la soda karibu na banda la chai, pamoja na mmoja wa wale waliokuja nyumbani, anaitwa Maganga. Nilipiga magoti kidogo, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone," aliitikia, akiniita mwanangu. "Mhola?"

"Mhola duhu," nilijibu, yaani salama tu.

"Wa nani wewe?"

"Wa kwa Masalu."

Alirudisha macho kwa ng'ombe. Maganga ndiye aliyesema.

"Masalu katuma maziwa ya juzi? Maana ya jana tulishakunywa."

"Ni ya leo, baba," nilisema. "Ninayo kwenye chupa. Nimekuja kuwaomba mwonje tu, halafu niende."

"Mimi simo," Maganga alisema. "Nina safari ndefu na suruali moja."

Mzee Mwandu hakucheka, lakini hakunifukuza. Niliomba vikombe viwili bandani, nikamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, vyote mbele yao. Nikanywa kwanza mimi, wanione. Kisha nikampa Maganga. Alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanywa. Akanywa tena.

"Mzee, haya ni maziwa," alisema. "Mazima kabisa."

Hapo Mzee Mwandu akachukua kikombe cha pili. Alikunywa kidogo, akameza, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nilifungua hotpoti, nikamwomba achovye. Akachovya. Tulikaa watatu tukiangalia kikombe kama watu wanaongoja ng'ombe azae. Maziwa yalianza pembeni, yakaja katikati.

Mzee alimtoa konokono, akamlamba mgongoni, kama nilivyofanya mimi.

"Limau," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Limau hili, Maganga! Mtoto mdogo wa kuchunga anajua limau linakata maziwa. Nani ataliwazia kwenye mkate?" Akaanza kucheka, kicheko cha chini kwa chini kinachotikisa kreti. "Wiki nzima namtukana Masalu moyoni. Wiki nzima! Hata ng'ombe wake nimewatukana."

"Mimi nilikuambia ng'ombe wale wana afya," Maganga alisema.

"Uliniambia nini? Wewe ndiye uliyesema maziwa yana siku tatu."

Nilimpa mzee chai ya rangi kutoka bandani, akanywa na wale konokono, na safari hii hakuchovya. Alikula wa juu, akala wa pili. Alipofika kwa wa chini, wale wembamba na yule kandambili, alisita. Akamtoa kandambili, akamweka kiganjani. Akamtoa mnene, akamweka kando yake. Mtu anayenunua ng'ombe mnadani huwa anafanya hivyo, anawasimamisha pamoja.

"Hawa kapika nani?" aliuliza.

"Flora, baba."

"Unasema kweli?"

"Kweli, baba. Leo asubuhi. Nilikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa kuonesha ameniamini. Akaendelea kuangalia kiganja.

"Wa Jumamosi walikuwa ndama pacha," alisema taratibu. "Hawa kila mmoja na mama yake. Mkono wa mtu hauharibiki kwa wiki moja."

Maganga, aliyekwisha kuchukua wake, aliacha kutafuna.

"Ya maziwa yamekwisha," mzee aliendelea. "Nitapita kwa Masalu leo hii, nimpe mkono. Lingeka siendi. Lakini nikikaa kwenye kiti kile nikataja ng'ombe, nataja kwa nyumba, na nyumba ni maneno ya watu waliomo. Mkate wa kupinda ninaula, unaona ninaula. Neno la kupinda ndilo nisiloweza kurudi nalo Lalago." Akawarudisha wale wawili kwenye hotpoti, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu. "Sikuulizi kwa ugomvi. Nakuomba, ng'wanone, uniambie wewe uliyekuwepo. Wale wa Jumamosi walikuwa wa mkono wa nani?"

Nilishika mfuniko wa chupa ya chai nikaukaza. Ulikuwa umeshakazwa. Nyuma yetu walikuwa wanamwita mtu aje amtambue fahali wake, wanaita jina lile lile mara nyingi, na mwenye jina haji.

Mzee Mwandu alisogea kidogo juu ya kreti, akaniachia nafasi ya kukaa, akangoja.